Usikanyage Bado: Kazi za Bustani Theluji Inapoanza Kuyeyuka

Ndugu wakulima wa bustani za nyumbani, mlio na vitanda ishirini na mlio na sanduku mbili za mbao nyuma ya nyumba, salamu kwenu nyote.

Nitaanza na mguu. Katika nchi za baridi, hasara kubwa ya mwaka huletwa na mguu wa mwenye bustani mwenyewe, tena katika wiki mbili za kwanza za jua. Theluji imepungua, ndege wamerudi, mtu amechoka kukaa ndani miezi mitano. Anavaa buti, anabeba uma, anatumbukia katikati ya kitanda. Mbegu hata haijatoka kwenye pakiti, na msimu umekwisha kuingia dosari.

Tazameni kinachotokea chini. Udongo huyeyuka kuanzia juu. Sentimita 10 au 20 za juu zimelainika, lakini chini yake bado pameganda kama saruji. Maji ya theluji hayana pa kwenda, yanatuama katika tabaka hilo la juu, na udongo unageuka uji. Ndani ya uji huo mna kazi nzuri ambayo baridi imetufanyia bure: maji yaliyoganda ndani ya madonge ya udongo wa mfinyanzi yalitanuka, yakayapasua, yakaacha chembechembe zenye upenyo wa hewa kati yake. Ukikanyaga sasa, chembechembe zinabanana, hewa inatoka, na jua likiwaka udongo unakauka kama tofali. Karoti ikikutana na tofali hilo hugawanyika miguu miwili mitatu, na vitunguu hubaki vidogo. Mbolea haiondoi kosa hilo. Utalibeba msimu mzima, pengine na unaofuata.

Kipimo ni kiganja chako. Chota konzi ya udongo kutoka kina cha sentimita 10, ufinyange kama kitonge, kisha uubonyeze kwa kidole gumba. Ukisambaratika, kitanda kiko tayari. Ukibonyea tu, ukabaki na alama ya kidole na kung'aa, rudi ndani ukanywe chai. Pima tena baada ya siku tatu nne. Usimwige jirani: udongo wake wa kichanga unaweza kuwahi wiki kadhaa kabla ya mfinyanzi wako, na kitanda kilichoinuliwa sentimita 20 huchuja maji na kupata joto upesi kuliko kilicho sawa na ardhi. Kama ni lazima ufike katikati, laza ubao mpana usimame juu yake. Na anayetengeneza vitanda vipya mwaka huu asizidishe upana wa sentimita 120, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande na mguu usiwe na sababu ya kuingia.

Mtaniuliza: sasa tufanye nini, tukae dirishani tukiangalia matope? Hasha. Kazi ni tele, ila ni za mkasi na za mezani.

Tuanze na mkasi. Mitufaha na mipea hupogolewa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla matumba hayajavimba. Nenda asubuhi, ardhi ikiwa ingali ngumu kwa barafu ya usiku, ndipo unaweza kusimama chini ya mti bila kudhuru kitu. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa, yaliyovunjika, kisha yanayokwaruzana. Usizidishe robo ya matawi yote kwa mwaka mmoja. Mti uliokatwa kupita kiasi hulipiza kwa kutoa msitu wa machipukizi marefu yanayosimama wima na yasiyozaa.

Tawi nene hukatwa mara tatu, na hapa wengi hukosea. Mkato wa kwanza uwe upande wa chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Wa pili uwe upande wa juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza, mpaka tawi lidondoke. Uzito sasa umeondoka. Wa tatu ndio wa kumalizia kile kigutu kilichobaki. Angalia mahali tawi linapotoka kwenye shina: kuna uvimbe kama pete yenye mikunjo. Kata nje tu ya pete hiyo, bila kuigusa na bila kuacha kigutu kirefu. Pete ndiyo inayofunika jeraha. Ukiikata, mti hauna cha kujitibia, na ukiacha kigutu, kinaoza na uozo unaingia ndani. Ukikata mara moja tu kutoka juu, tawi likianza kuanguka huchana gome hadi chini ya shina, na utepe huo wa gome haurudi. Jeraha usilipake rangi wala lami. Hufungia unyevu ndani na kuvu hushukuru.

Ukikata tawi lenye ugonjwa, pangusa meno ya mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuhamia tawi lingine.

Si kila mti unataka mkasi wakati huu. Lilaki na forsithia, vichaka vya maua ya mapema, zilikwisha kuumba maua yake tangu mwaka jana, kwa hiyo ukizipogoa sasa unatupa maua ya mwaka huu. Zisubiri zimalize kuchanua. Plamu na cheri zingoje siku kavu za kiangazi, kwa sababu kuvu inayofanya majani yang'ae kama fedha huingia kwa urahisi kwenye majeraha mabichi wakati wa baridi na unyevu. Mzabibu ukichelewa kuupogoa utatiririsha maji siku nyingi. Inatisha kuangalia, lakini haiui mzabibu. Kwa rasiberi za kiangazi, fimbo zilizozaa mwaka jana, zile za kijivu zenye gome linalobanduka, zikatwe hadi ardhini, na zile changa zibakizwe. Rasiberi zinazozaa vuli kwenye fimbo mpya zenyewe fyeka zote. Waridi husubiri matumba yavimbe, ndipo uone fimbo ipi iko hai: kwangua gome kidogo kwa ukucha, kijani ni uhai, kahawia ni kuni.

Ukiwa hapo chini ya mti, inama utazame gome karibu na ardhi. Panya na sungura hutafuna chini ya theluji, usione kitu mpaka iyeyuke. Wakiwa wametafuna upande mmoja tu, mti utapona. Wakiwa wamezungusha mkanda mzima, chakula kutoka majanini hakitashuka mizizini tena, na mti huo utakufa polepole isipokuwa uungwe vijiti vya kuvusha chakula juu ya jeraha na mtu anayejua kazi hiyo.

Mafuta ya kupulizia wakati mti umelala ni dawa nzuri dhidi ya mayai ya vidukari, wadudu gamba na utitiri. Huwafunika na kuwanyima hewa. Masharti yake ni machache lakini hayana msamaha: matumba yasiwe yamefunguka, hewa iwe juu ya nyuzi 5 za Selsiasi, na baridi ya kugandisha isitarajiwe kwa saa 24 zijazo. Changanya kama kibandiko cha chupa kinavyosema, na usipulize mti uliotiwa salfa karibuni, maana mchanganyiko wa viwili hivyo huunguza.

Mashina makavu ya maua ya mwaka jana yanakera macho, najua. Yaacheni kidogo, hadi mchana ufike nyuzi 10 siku kadhaa mfululizo. Nyuki wadogo na wadudu wengine wa faida wamelala ndani ya mabua hayo.

Sasa tuje mezani. Kila kitu cha ndani huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya wastani ya jalidi ya mwisho, yaani ile baridi ya usiku inayoacha ukoko mweupe wa barafu kwenye majani. Shikeni hili neno "wastani". Maana yake ni kwamba karibu nusu ya miaka jalidi itakuja baada ya tarehe hiyo. Si ahadi. Vitunguu na liki (jamii ya kitunguu yenye shina nene jeupe) huanza wiki 10 hadi 12 kabla yake, pilipili hoho 8 hadi 10, nyanya 6 hadi 8, kabichi na brokoli 4 hadi 6. Matango na maboga wiki 3 tu zinatosha, kwa sababu mizizi yao haipendi kuguswa, na mche mkubwa wa tango ukihamishwa hudumaa mpaka yule mdogo aupite.

Kwenye vitunguu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kitunguu huanza kujaza kichwa kwa kuhesabu urefu wa mchana, hakijali kina majani mangapi. Katika nchi za mbali na ikweta hutumika aina za mchana mrefu, zinazosubiri mchana ufike saa 14 au zaidi. Saa hizo zikifika, kitunguu chenye majani matatu kitatoa kichwa cha majani matatu. Ukikosea aina ukapanda ya mchana mfupi, kitajaza mapema mno, na utavuna vitu vya ukubwa wa gololi. Mbegu za vitunguu pia hazizeeki vizuri: mwaka mmoja, miwili ikibahatika, huku za nyanya zikidumu minne au mitano. Mwenye mashaka azijaribu: mbegu 10 kwenye karatasi laini iliyolowa, ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pa joto. Zikiota 8, sia kama kawaida. Zikiota 5, sia mara mbili. Chini ya hapo nunua mpya.

Usitumie udongo wa bustani kwenye trei. Hushikamana, hukosa hewa, na huleta kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaoukaba mche kwenye usawa wa udongo. Unaamka asubuhi, mche uliokuwa umesimama jana umelala, shina limesinyaa kama uzi uliobanwa kwa vidole. Ukifika hapo hauna tiba, kuna kinga tu. Trei za zamani zioshwe kwa sabuni, kisha ziloweshwe dakika 10 kwenye kipimo kimoja cha klorini ya kufulia kwa vipimo tisa vya maji. Mchanganyiko wa kuoteshea uwe wa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au peti (mboji ya kinamasi) pamoja na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), uliotiwa maji kabla ya kujazwa: ukiukamua mkononi udondoshe matone mawili matatu, usitiririke. Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Letusi iache juujuu, maana huota vyema ikiona mwanga.

Nyanya na pilipili hoho zinataka joto la nyuzi 21 hadi 27 ili ziote. Zikishaota tu, mambo yanageuka. Ondoa kifuniko siku hiyohiyo, shusha joto hadi nyuzi 16 au 18, washa taa. Taa ya LED ikae sentimita 5 hadi 10 juu ya majani kama ni ndogo, au kadiri mtengenezaji anavyoelekeza kama ni kali, kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Usiku izimwe. Joto jingi na mwanga kidogo ndivyo vinavyozaa ile miche mirefu myeupe inayolala kwenye kioo cha dirisha. Feni ndogo ya kupeperusha hewa taratibu huimarisha mashina na kukausha uso wa udongo, hivyo inapigana na kinyausi pia. Maji yapite chini: mimina kwenye sinia, subiri dakika 20 au 30, kisha mwaga yaliyobaki. Mbolea isubiri majani halisi, yale yanayofuata baada ya yale mawili ya kwanza ya mbegu, na iwe nusu ya nguvu iliyoandikwa, au pungufu.

Viazi vitakavyopandwa navyo viwekwe ndani sasa, wiki 3 au 4 mapema, penye mwanga na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15, macho yakielekea juu. Mnataka vichipukizi vifupi, vinene, vya kijani au zambarau. Vikitoka virefu na vyeupe, mahali hapo pana giza. Kiazi kikubwa ukikikata, kila kipande kiwe na macho mawili na uzito wa gramu 50 hivi, na kikauke siku mbili tatu kabla ya kuingia ardhini, ama sivyo kitaoza.

Turudi nje. Kitonge kimesambaratika, tumeruhusiwa kuingia. Msilime kwa kupindua. Tandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 3 hadi 5, sawazisha kwa reki, basi. Mbolea ya chumvichumvi ya naitrojeni isubiri, kwani kwenye udongo baridi mizizi haijaamka kuinywa, na mvua itaishusha chini isikofikiwa. Matandazo ya kwenye stroberi yafunuliwe pale majani mapya yanapoanza kuonekana chini yake, lakini yabaki kwenye mapengo ya mistari, kwa sababu mtayahitaji usiku wa jalidi. Mimea iliyonyanyuliwa na barafu mpaka mizizi ikaonekana, irudishe chini kwa vidole na uizungushie udongo. Nyasi za uwanjani zenye ukungu wa kijivu ulioachwa na theluji zipitishie reki nyepesi zipate hewa, hazihitaji dawa.

Sasa hitaji kubwa ni kipimajoto cha udongo. Kichomeke kwa kina cha mbegu, sentimita 5, asubuhi, siku nne au tano mfululizo. Kipimo cha saa nane mchana ni cha kujidanganya.

Tuchukue njegere tuzitazame kwa karibu. Zinaota kwenye nyuzi 5, ndiyo, na pakiti itakuambia "panda mapema iwezekanavyo". Lakini kwa nyuzi 5 zinachukua takriban siku 36 kutokeza, kwa nyuzi 10 takriban 14, kwa nyuzi 15 tisa au kumi. Fanya hesabu: aliyesia leo kwenye nyuzi 5, na aliyesubiri wiki tatu hadi udongo ukafika nyuzi 10, njegere za wa kwanza zitatangulia kwa wiki moja hivi tu, si tatu. Tena hizo za wa kwanza zimelala kwenye tope karibu mwezi zikiliwa na kuvu, panya na funza, na nyingi hazitatokeza kabisa. Karoti ni hivyohivyo: zaidi ya siku 50 kwa nyuzi 5, siku 17 kwa nyuzi 10. Spinachi na letusi ndizo mashujaa wa kweli wa baridi. Letusi kwa nyuzi 5 huchukua siku 15 tu, basi anayewashwa mikono aanze nayo.

Njegere zifukiwe sentimita 3, nafasi ya sentimita 5, na kamba au wavu wa kuparamia usimikwe siku hiyohiyo, kabla mizizi haijaenea. Viazi vingoje nyuzi 7 au 8.

Mwenye haraka anaweza kuusaidia udongo. Plastiki angavu ikitandazwa wiki mbili na kubanwa pembezoni hupasha joto kuliko nyeusi, ila magugu nayo hushangilia chini yake. Nyeusi hupasha kidogo lakini huyazima. Kwa kitanda chenye magugu mengi, nyeusi. Kisanduku chenye kifuniko cha kioo, kikitazama kusini kwa walio kaskazini mwa ikweta, huwahisha saladi kwa wiki kadhaa, lakini kimeua miche mingi kuliko baridi yenyewe. Siku ya jua, hata nje kukiwa na nyuzi 8, ndani hupanda upesi kupita 30. Kifungue ndani kukifika nyuzi 20, na ukifunge jua likianza kushuka ili kihifadhi joto la usiku.

Kuhamisha miche kutoka ndani ni kazi ya siku 7 hadi 14, na haina njia ya mkato. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, pasipo upepo. Kila siku ongeza saa moja, kisha jua la asubuhi, kisha mchana, mwisho usiku. Jani lililolelewa ndani lina ngozi nyembamba. Likitolewa juani ghafla hupata mabaka meupe kama karatasi, na mabaka hayo hayaponi. Kabichi na vitunguu vina tabia yao: mche ambao shina lake limekwisha kuwa nene kama penseli, ukipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa zaidi ya siku kumi hivi, hudhani umepita majira ya baridi, ukatoa maua badala ya kichwa. Ndiyo maana mche mdogo huvumilia mapema kuliko mkubwa, ingawa macho ya mnunuzi huupenda ule mkubwa.

Usiku wa jalidi unajulikana tangu jioni: mbingu safi, nyota nyingi, upepo umekufa. Joto la ardhi linapanda juu na hakuna wingu la kulizuia. Utabiri hupima hewa kwenye urefu wa mita 1.5 hivi, ilhali usawa wa majani waweza kuwa nyuzi 2 au 3 chini zaidi. Kwa hiyo ukisikia nyuzi 3, funika. Mwagilia udongo mchana ikiwa ni mkavu, kwani udongo wenye maji huhifadhi joto zaidi. Tandaza kitambaa kabla jua halijazama, kiguse ardhi pande zote na kibanwe kwa mawe. Joto unalolinda linatoka ardhini. Kitambaa kilichofungwa shinani kama mwavuli uliokunjwa hakikamati chochote. Plastiki isiguse majani, maana linapogusa ndipo jani linapoungua. Kitambaa chepesi cha bustani hukupa nyuzi 1 hadi 3 tu, basi ukitabiriwa 5 chini ya sifuri ongeza blanketi juu ya vijiti. Asubuhi funua. Kwa tufaha lililochanua kabisa, nyuzi 2.2 chini ya sifuri huua karibu sehemu moja ya kumi ya maua, na 3.9 chini ya sifuri huua karibu yote, kwa hiyo tofauti ya hata nyuzi moja na nusu inastahili kuamkiwa usiku.

Nyanya ndizo za mwisho. Udongo uwe nyuzi 15 kwa kina cha sentimita 10, usiku usishuke chini ya 10. Zika shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwani litatoa mizizi sehemu yote iliyofukiwa. Mwagia maji, na kwa wiki mbili zinazofuata kitambaa kile kisirudi stoo. Kikunje ukiweke karibu na mlango, pamoja na mawe yake.